Je, watu wasiokuwa na kitabu wako na fasihi?

Kuna neno moja linalorudi katika vitabu vingi ambavyo sisi walimu tulisomea, nalo linasema kwamba mababu zetu walikuwa watu wasiojua kuandika. Neno hilo peke yake si tusi. Ni kweli kwamba Muyira wa zamani hakuwa na alfabeti. Lakini kutoka hapo watu wanaruka haraka sana: hawakuandika, basi hawakuwa na fasihi, hawakuwa na fasihi, basi hawakuwa na mawazo makubwa, na mawazo yalikuja pamoja na mapadri na karatasi. Ngazi ile ya mwisho haisemwi tena kwa sauti siku hizi, lakini iko. Tunaiona hata katika kalasi. Mwanafunzi wa Kyavinyonge atakutajia Molière na Victor Hugo bila kusita, lakini umuombe hadithi moja ya kwao, anacheka, anaangalia chini, anasema hayo ni maneno ya wazee.

Sisi tunaomba kulitazama jambo hilo polepole. Fasihi inaanza wakati gani? Inaanza siku kitabu kinaandikwa, ao siku mtu mmoja anasema neno na wengine wanakataa lipotee? Tena, kama neno lilikaa mdomoni mwa mzee miaka yote hii, na leo ni sisi tulio na biki na kaye, nani ana deni kwa mwenzake?

Ili tusijipime kwa kioo chetu sisi wenyewe tu, twende mbali kidogo. Twende Urusi. Wengine watashangaa juu ya nini Urusi, inchi ya barafu, katika kitabu cha mila za kwetu. Tumeichagua kwa sababu hakuna mtu leo anayeuliza kama Warusi wako na fasihi. Kila mtu aliyesoma amesikia jina la Tolstoy, la Dostoyevsky, la Pushkin. Wanawekwa katika mstari wa kwanza wa dunia. Lakini ukiuliza walitoka wapi, unakuta njia inayofanana na yetu kuliko vile tunavyofikiri.

Kabla ya mwaka 988, watu wa Rusi, ambao mji wao mkubwa ulikuwa Kiev (leo ni mji mkuu wa Ukraine, na Waukraine nao wanaihesabu historia hiyo kuwa yao), waliabudu radi na jua na roho za misitu. Mwaka ule, ndivyo kitabu chao cha zamani kinavyosema, mfalme wao Vladimir alipokea ubatizo kutoka kwa Wagiriki wa Konstantinopoli, na watu wakaingizwa mtoni kubatizwa. Pamoja na dini zikaenea herufi. Hazikutoka kwao. Mizizi yake ni kazi ya ndugu wawili Wagiriki, Cyril na Methodius, ambao katika karne ya 9 walitengeneza alfabeti kwa ajili ya kuwahubiri Waslavi. Vitabu vya kwanza vilikuwa Injili, zaburi, maisha ya watakatifu, na vilifika katika lugha ya kanisa ambayo ilipita kwa Wabulgaria. Munaona? Dini mpya, wageni wenye kitabu, lugha ya kanisa ambayo si ile ya nyumbani. Kwetu huku Waasomsionisti walikabidhiwa misioni ya Beni na Lubero mwaka 1929. Mpango ni ule ule, umechelewa tu karibu miaka 940.

Lakini nyuma ya mgongo wa vitabu vya kanisa, watu wa vijijini kule waliendelea kuimba. Waliimba nyimbo ndefu za mashujaa, ambazo leo zinaitwa bilina. Shujaa mkubwa ni Ilya Muromets, mtoto wa mkulima, ambaye alikaa miaka 33 bila kuweza kusimama, kisha wapitaji wakamponyesha na akawa na nguvu kupita watu wote. Nyimbo hizo hazikuandikwa na mapadri wala na wafalme. Tena zilifukuzwa. Mwaka 1648 mfalme Aleksei alitoa amri dhidi ya waimbaji na wachezaji wa njiani, vyombo vyao vya muziki vivunjwe na kuchomwa, kwa sababu ni mambo ya kipagani. Wazee wetu wanaokumbuka namna ngoma na sherehe za kwetu zilivyotazamwa na wahubiri wa kwanza hawatahitaji maelezo mengi hapa.

Na sasa tufike kwenye ziwa, maana sisi ni watu wa ziwa. Kaskazini ya Urusi kuna ziwa kubwa linaloitwa Onega. Mwaka 1860, mtumishi mmoja wa serikali aitwaye Pavel Rybnikov, ambaye alikuwa ametumwa kule kama mtu wa uhamisho, alilala usiku kwenye kisiwa cha ziwa hilo akingoja upepo utulie. Karibu na moto akasikia mwanakijiji anaimba. Hakuwa anajua kwamba nyimbo kama zile bado ziko hai. Wasomi wengi wa miji walifikiri zimekwisha kufa zamani. Akaanza kutafuta waimbaji, na kati yao akamkuta Trofim Ryabinin, mkulima na mvuvi. Ryabinin alizijifunza nyimbo hizo wakati wa ujana, wakati wa kushona nyavu pamoja na mzee mwingine. Kutoka mwaka 1861 hadi 1867 Rybnikov akatoa mabuku manne, na wasomi wa mji wa Saint-Petersburg wakashangaa: kumbe mali hii ilikuwa kwa wavuvi!

Tungeomba msomaji akae kidogo juu ya jambo hilo. Nyavu zinashonwa Kyavinyonge kila siku. Wanaume wanakaa chini, uzi mkononi, mdomo uko huru. Mikono ikiwa na kazi ya kurudiarudia, mdomo unatafuta kazi yake. Ndivyo ilivyokuwa Onega, ndivyo ilivyo pwani ya ziwa letu wakati mitumbwi imerudi na tilapia na kambale zimekwisha kuuzwa. (Mgeni mmoja aliwahi kutuuliza juu ya nini hapa nusu ya wanaume wanaitwa kwa jina la samaki. Tukamueleza kwamba Kambale huyu hahusu mtego, ni mtoto wa pili wa kiume.)

Na majina yenyewe si kitu kidogo. Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule: ukisikia tu, unajua huyu ni wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa ine. Wakonzo ng'ambo ya Ruwenzori wako na mpango huo huo, ingawa majina yanageuka kidogo, na hiyo peke yake inakueleza undugu ambao mpaka wa Wazungu haukuweza kuukata. Hayo ni maandishi bila karatasi. Mtu anatembea nayo juu yake maisha yake yote.

Wengine watatujibu kwamba jina si fasihi, na wimbo wa kushona nyavu si utenzi mkubwa. Haya. Tutoke kwetu Wayira, tuende kwa jirani, katika territoire ya Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 mtafiti Mubelgiji Daniel Biebuyck alimkuta mzee mmoja anaitwa She-Karisi Candi Rureke. Kwa siku 12 mzee yule alisimulia, akaimba, akacheza ngoma, akaigiza, na watu walimjibu kwa nyimbo na kwa mapigo ya vijiti, huku Biebuyck na wasaidizi wake wanaandika. Ikatoka habari ya Mwindo. Kitabu kilichapishwa Marekani mwaka 1969, katika Kinyanga na Kiingereza, na Biebuyck alishirikiana katika kazi hiyo na msomi Munyanga, Kahombo Mateene. Leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Ni walimu wangapi wa Butembo na Beni wamekishika mkononi, hapo tunyamaze.

Habari yenyewe ni hii, kwa ufupi. Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo aliwaamuru wake zake wazae wanawake tu, maana hakutaka mrithi wa kiume. Mke mmoja akazaa Mwindo, na Mwindo siku ile ile alitembea na kusema. (Ilya wa Warusi alingoja miaka 33 kusimama, Mwindo hakungoja hata saa moja; kila watu na haraka yao.) Baba akajaribu kumuua. Akamzika, mtoto akatoka kaburini. Akamfunga ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, mtoto akasafiri chini ya maji akaenda kwa shangazi yake Iyangura. Kiisha Mwindo akarudi kupigana, baba akakimbia mpaka katika inchi ya wafu, na mtoto akamfuata huko.

Angalia sasa namna inavyokwisha. Mwindo anamkamata baba yake, lakini hamuui. Anamrudisha kijijini. Baba anakiri makosa yake mbele ya watu, na inchi inagawanywa, kila mmoja na upande wake. Tena haiishi hapo. Mwindo mwenyewe, aliyezoea kujisifu, anaua joka Kirimu ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anampandisha juu mbinguni, anamchapa kwa mvua na kwa jua, mpaka kiburi kimtoke. Akirudi duniani anawapa watu sheria za kuishi pamoja. Kwa hiyo shujaa wa Wanyanga anakuwa shujaa wa kweli wakati amejifunza kupokea adhabu. Sisi tuliofundisha falsafa kidogo katika kalasi ya sita tunajua vitabu vinene vya Ulaya vinavyotafuta jambo hilo hilo: mtu mwenye nguvu atafundishwa na nani kiasi? Mzee wa Walikale alilijibu kwa wimbo. Na katika inchi hii, ambako baba na mtoto, mkubwa na mdogo, wamemaliza miaka mingi wakikimbizana na silaha, hatuoni hadithi ambayo ingefaa zaidi katika mpango wa masomo.

Hapa ndipo jambo moja la Rureke linatusumbua. Alimwambia Biebuyck kwamba kabla ya siku zile 12 hakuwahi kamwe kuisimulia habari nzima kwa kufuatana, siku baada ya siku. Kwa kawaida alitoa sehemu moja leo, nyingine wakati mwingine, kufuatana na watu na shuguli. Maana yake ile "Mwindo nzima" tunayoisoma leo ilizaliwa wakati wa kuandikwa. Kalamu haikuchukua tu neno la mdomo na kuliweka mahali pa salama. Ililibadilisha. Ilipata kitu kizima, na ikapoteza ngoma, jasho, watu wanaojibu, mwili wa mzee unaogeuka kuwa Mwindo, kuwa Nkuba, kuwa joka. Hakuna karatasi ya kuyaweka hayo.

Kuna wazee wanaolifahamu jambo hilo vizuri kuliko wasomi. Tulipokuwa tunawatuma wanafunzi wakaandike hadithi za mtaa, mzee mmoja alikataa kabisa. Alisema kwamba wakikwisha kuandika hawatarudi tena kumuona. Wanafunzi waliona ni ukaidi. Sisi tunaona alikuwa na haki zaidi ya nusu. Neno la mdomo linamfunga kijana kwa mzee: ukilitaka, inapashwa uende, ukae, umletee hata samaki mbili, ungoje mpaka atake. Kitabu kinakuachilia uondoke. Tena kuna maneno ambayo hayakufanywa kwa watu wote. Yale yaliyofundishwa vijana katika olusumba, wakati wa kutahiriwa, yalikuwa na wenyewe na wakati wake. Mtu anayeyatoa na kuyachapisha kwa sababu eti ni utamaduni, anafanya sawa na mtu anayefungua barua ya mwingine akisema anapenda mwandiko.

Lakini upande mwingine nao uko, na hatuwezi kuuficha. Kutoka mwezi wa kumi mwaka 2014, mauaji yalianza kumaliza watu katika territoire ya Beni. Wazee waliuawa mashambani. Wengine walikimbilia Beni mjini, Butembo, Lubero, wakakaa katika nyumba za watu ambako hakuna moto wa inje wala nafasi ya kukusanya wajukuu. Mpango wa zamani wa kungoja mzee atake kusema ulitegemea kwamba mzee atakuwako kesho. Ukikataa kuandika kwa heshima ya neno la mdomo, na mdomo wenyewe unakatwa, heshima yako imemsaidia nani?

Wapo watakaodhani kwamba maandishi nayo ni ulinzi kamili. Warusi watatusahihisha. Utenzi wao mkubwa wa zamani, ule wa kampeni ya mfalme Igor ya mwaka 1185, ulipatikana katika maandishi ya mkono nakala moja tu. Ulichapwa mwaka 1800, na mwaka 1812 nakala ile ikaungua wakati Moscow iliwaka moto mbele ya Napoleon. Miaka 12 tu ndiyo iliuokoa. Kumbe karatasi nayo inaungua kama kijiji.

Tena maandishi si lazima yawe ya wakubwa. Mwaka 1951, katika mji wa Novgorod, wachimbaji walifukua gome la mti lililochorwa maneno. Mpaka leo yamepatikana zaidi ya 1.000. Ni barua za watu wa kawaida: nani anadaiwa nini, nani alete nafaka, nani anataka kuoa. Kati yake kuna magome ya mtoto Onfim, wa karne ya 13, aliyekuwa anajifunza herufi na ambaye, akichoka, alijichora yeye mwenyewe juu ya farasi. Kila mwalimu anamjua mtoto huyo, yuko kwenye benchi ya nyuma.

Tunapozungumza magome na deni, hatuwezi kuipita Ishango. Ni hapa pembeni, pale Semliki inapotoka ziwani. Mwaka 1950 Mubelgiji Jean de Heinzelin alifukua pale mfupa mdogo, mrefu karibu sentimeta 10, na kipande cha jiwe la kwarisi kwenye ncha, wenye mistari iliyokatwa kwa makundi, katika safu tatu. Unahesabiwa kuwa na umri wa miaka kama 20.000. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema mistari ilisaidia mkono usiteleze. Hatutaki kuchagua, na hatutaki kudai kwamba waliokata mistari ile walikuwa Wayira, maana Wayira walikuja baadaye sana. Lakini mtu aliyekaa kwenye pwani hii hii, akila samaki wa ziwa hili hili, alikata alama ili kitu fulani kibaki. Mfupa uko Brussels katika jumba la kuhifadhia vitu vya asili. Wanafunzi wetu wanajifunza habari zake katika Kifaransa, wakati wamama wa samaki wanahesabu deni zao kwa mistari ya makaa ukutani, mlango wa tatu kutoka shule.

Imebaki swali la lugha, na hapa tutasema wazi maana linatuuma. Mtu akitaka kuandika hadithi ya kwetu, ataiandika katika lugha gani? Kifaransa kinamfanya aonekane msomi. Kiswahili cha Tanzania kinamtia haya, maana anajua hatasema "sijambo" nyumbani kwake hata siku moja. Kinande anakisema vizuri lakini akishika biki hajui wapi airuke sauti na wapi aiandike. Basi anaacha. Warusi walikuwa na kizuizi hicho hicho: lugha ya kanisa juu, lugha ya watu chini, na miaka mingi aliyetaka kuandika jambo zito alipanda kwenye ile ya juu. Aliyevunja mlango ni padri mmoja mkaidi, Avvakum, adui wa mageuzi ya kanisa lao. Akiwa mfungwa kule kaskazini, katika miaka ya 1670, aliandika maisha yake katika Kirusi cha nyumbani, pamoja na matusi yake na machozi yake, akasema wazi kwamba anaipenda lugha aliyozaliwa nayo. Mwaka 1682 akachomwa moto. Kitabu chake hakikuchapwa mpaka 1861, mwaka ule ule Rybnikov alianza kutoa nyimbo za wavuvi wa Onega. Leo wasomi wa Kirusi wanakihesabu kati ya vitabu vikubwa vya zamani zao.

Na Pushkin, huyo ambaye wanamuita baba wa fasihi yao mpya, alikuwa kitukuu cha mtoto wa Kiafrika, Abram Gannibal, aliyepelekwa kwa mfalme Peter. Hilo watu wa kwetu wanalipenda sana kulitaja. Sisi tunapenda zaidi jambo lingine: alipofungiwa shambani Mikhailovskoye, kutoka 1824 hadi 1826, jioni alimsikiliza yaya wake Arina Rodionovna, mwanamke aliyezaliwa katika utumwa wa wakulima, na akaziandika hadithi zake katika kaye. Alikuwa na Kifaransa kizuri kupita sisi wote, na alikaa chini mbele ya mama mzee yule. Tena tusisahau: mwaka 1897, wakati Pushkin na Dostoyevsky wamekwisha kufa na Tolstoy amezeeka, watu waliojua kusoma katika milki yote ya Urusi walikuwa karibu 21 kwa 100. Fasihi ile kubwa ilisimama juu ya watu ambao wengi wao hawakujua herufi, lakini walijua hadithi.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali la mwanzo, sisi tunajibu kwamba liliulizwa vibaya. Fasihi ya kwetu iko, na ilikuwako. Kinachokosekana ni Rybnikov, na Rybnikov alikuwa karani tu, mtu wa ofisi. Deni liko upande wa mwenye kalamu. Na deni hilo liko na masharti. Kitabu cha Mwindo katika maktaba kinatafutwa kwa majina ya Biebuyck na Mateene. Jina la Rureke unalikuta ukifungua ndani. Kwa wakati ule ilikuwa tayari ni heshima, maana vitabu vingine viliandika tu "mzee mmoja wa kabila fulani". Leo haitoshi. Jina la msemaji liandikwe juu, pamoja na kijiji chake, kama mwenyewe amekubali. Anachokataza kisiandikwe, hata kama ndicho kitamu zaidi. Na maandishi yarudi kusomwa mbele yake, katika lugha aliyosema, ili aseme wapi mumekosea, maana atapata tu mahali pa kusahihisha, na mara nyingi ni pale munapodhani mumeandika vizuri.

Yule mzee aliyekataa, tulirudi kumuona mwaka uliofuata, bila kaye. Alisimulia saa mbili. Alipomaliza aliuliza kama watoto wamesahau kalamu zao nyumbani.